Jioni Tatu Ndani ya Mji Mpya

Mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, umepita miaka 700 na bado unaitwa Mji Mpya. Ndiyo maana ya jina lake. Mfalme Mangrai aliuanzisha mwaka 1296, baada ya mji wake wa awali, Wiang Kum Kam, kuchoshwa na mafuriko. Akaupimia mraba, akauzungushia ukuta na handaki la maji, akauita mpya, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kuubatiza tena. Kwetu nako kuna Mji Mpya, pale Morogoro. Sijui utakapofika umri huo wataupa jina gani.

Kila upande wa mraba ule una urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Ndani yake mahekalu ya Kibudha yamebanana kama misikiti ya Mji Mkongwe, Unguja: ukitoka uani kwa hili, umeshakanyaga uani kwa lile. Nilikwenda Januari, msimu wao wa baridi, na nilichokitaka ni matembezi ya jioni. Mchana watu wote wanapiga picha. Nilitaka kuyaona mahekalu saa ambayo wenyewe wamerudi nyumbani.

Ijumaa, Ban Haw

Hata hivyo safari yangu haikuanzia hekaluni, ilianzia msikitini. Karibu na mto Ping, nje ya mji wa kale, kuna kichochoro chenye msikiti wa Ban Haw, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China. Mababu zao waliingia hapa na misafara ya nyumbu, wakibeba bidhaa kutoka milimani na kurudi na nyingine. Ijumaa asubuhi, mbele ya msikiti, watu wa milimani hutandaza soko: majani nisiyoyajua, tangawizi mbichi, vyungu vya mboga zilizochachushwa, maharage yaliyovundikwa mpaka yakatoa harufu ya kumfukuza mwizi.

Baada ya sala nilifuata pua yangu hadi kwenye mgahawa jirani, nikaagiza khao soi. Lilikuja bakuli la tambi za mayai ndani ya mchuzi mzito wa tui la nazi, wa manjano kwa bizari, na paja la kuku limezama katikati. Juu wamemwaga tambi nyingine zilizokaangwa zikakauka, zinazovunjika mdomoni. Pembeni kuna ndimu, vitunguu vidogo vyekundu, achari ya majani ya haradali, na pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta. Unakamua, unamimina, unakoroga mwenyewe. Nilipoonja nilicheka peke yangu. Huu ni urojo uliokwenda kusoma China.

Wenyeji husema chakula hicho kilikuja na wale wachunga nyumbu. Leo hii Mbudha, Mwislamu na mtalii wanakila meza moja, ila wa Ban Haw watakuambia kwa sauti ya chini kwamba kwingine kote wanaiga.

Nilirudi nilikofikia kwa kigari chekundu chenye mabenchi mawili yanayotazamana. Wao hukiita songthaew, maana yake safu mbili. Aliyezikuta chai maharage za Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi.

Jumamosi, barabara ya Wualai

Kiongozi wa kikundi chetu cha matembezi ya jioni alituambia tumwite Nan. Si jina, ni cheo. Huku kaskazini mwanamume aliyewahi kuwa mtawa kamili kisha akavua joho na kurudi uraiani huitwa Nan. Aliyeishia kwenye uanafunzi wa utawa huitwa Noi. Ni kama kwetu mtu anavyobaki Mwalimu hata akistaafu akauza chipsi. Kabla hatujatembea hatua kumi alituuliza umri, mmoja mmoja, bila haya. Mume na mke kutoka Ulaya tuliokuwa nao wakatazamana. Mimi nilimwelewa: Mthai hajui akuiteje mpaka ajue nani mkubwa, sawa na Mswahili anayempima mtu kwa jicho ili ajue kama shikamoo ni ya kutoa au ya kupokea. Nilimzidi miaka sita. Basi nikawa pii, dada mkubwa, mpaka siku ya mwisho.

Wualai iko nje ya ukuta wa kusini, na ni mtaa wa masonara. Unausikia kabla hujauona: nyundo ndogo juu ya tindo, ti-ti-ti, nyumba hadi nyumba. Wazee wamekaa chini, bamba la fedha limelala juu ya kitanda cha lami, na kutoka nyuma ya bamba wanasukuma tembo, maua, mwezi na nyota. Nan alisema watu hawa si wa hapa kwa asili. Waburma waliuteka mji mwaka 1558 na kuukalia zaidi ya karne mbili. Walipofukuzwa, vita vilikuwa vimeukausha. Kwa takriban miaka 20 mji ulikuwa mtupu, mwitu umeota barabarani. Mwaka 1796 mtawala aliyeitwa Kawila akauingia upya, na kwa kuwa mji bila watu ni boma tu, akaenda kuzoa watu kwenye mabonde na vijiji vya mbali kama mtu achumaye mboga kuweka kapuni. Mafundi wa Wualai ni wajukuu wa kapu lile.

“Hapo uliposimama, pii,” aliniambia, “palikuwa hapana mtu.”

Ndipo nilipoanza kuigundua tabia yake. Kitu kilichopo alikionyesha kwa maneno mawili na kupita. Kisichokuwepo ndicho kilichomfungua mdomo.

Mafundi hao wamelivika hekalu lao, Wat Sri Suphan, fedha mwili mzima. Hekalu lenyewe ni la miaka ya mwanzo ya 1500, lakini ukumbi wake wa kutawazia watawa umejengwa upya karne hii, na kuanzia kuta hadi paa umefunikwa mabamba ya alumini, nikeli na fedha yaliyofuliwa kwa mkono. Usiku wanaumulika kwa taa za rangi, sasa zambarau, sasa kijani. Kusema kweli zile taa zilinikera. Zilifanya kazi ya miaka ya nyundo ifanane na ukumbi wa harusi. Lakini sogea, weka jicho karibu na ukuta, uone kila unyoya wa ndege umepigwa peke yake.

Kusogea kwangu kuliishia hapo. Mlangoni pana kibao: wanawake hawaingii. Chini ya ukumbi, kinaeleza, vimezikwa vitu vya kale na hirizi tangu miaka 500 iliyopita, na mwanamke akiingia ama ataviharibu ama vitamdhuru. Wanaume wawili wa kundi letu wakavua viatu, wakaingia. Sisi wanawake wanne tukabaki uani na viatu vyao.

Sikufurahi, na sitajifanya nilifurahi. Mwanamke yule wa Ulaya aliwaka kabisa. Lakini mimi nimekulia Tanga. Najua milango ambayo bibi yangu hakuwahi kuivuka, na hakuna aliyemwekea hata kibao. Nan hakuingia pia. Alichuchumaa nasi, akatuonyesha nyayo na viganja vya mafundi wa kike waliokuwa wakifua mabamba kwenye banda la uani. “Mikono yao imo ndani,” alisema. Yule wa Ulaya akasema hilo ndilo linalomuudhi zaidi. Nan akakubali kwa kichwa.

Wanaume walipotoka tuliwauliza kuna nini. “Kunang'aa,” mmoja alijibu, akitafuta kiatu chake.

Jumapili, kutoka Tha Phae

Jumapili jioni barabara ya Ratchadamnoen hufungiwa magari kuanzia lango la Tha Phae, na mji mzima humiminika humo kununua, kula na kukanyagana. Nyua za mahekalu nazo hugeuka migahawa: mkeka chini, mishikaki, wali wa kunata kwa embe, na mjusi kafiri akikaba wadudu kwenye taa juu ya sanamu. Nilikuwa nimeuma kipande cha embe wakati vipaza sauti vilipokohoa. Saa kumi na mbili kamili. Wimbo wa taifa ukaanza, na umati wote ule ukaganda: muuza soksi na noti mkononi, mtoto na puto, mimi na embe mdomoni, nisijue kama kutafuna ni uhaini. Ulipokwisha, kelele zikarudi zote kwa pamoja kama bomba lililofunguliwa.

Lango lenyewe la Tha Phae, wanalopigia picha, Nan alilipita. Limejengwa upya miaka ya 1980. “Zuri,” alisema, basi.

Wat Phan Tao ni dogo na jeusi. Ukumbi wake wote ni wa mbao za mtiki, umesimama juu ya nguzo nene 28, bila tofali kwenye kuta. Nikagusa ubao. Mitiki ninaijua, Longuza, kule Muheza, ipo mistari kwa mistari tangu zama za wakoloni, na kila mtoto wa Tanga amewahi kusugua jani lake kiganjani akatoa rangi ya damu kutishia wenzake. Sikuwahi kuona mtiki uliozeeka hivi. Mlangoni juu kuna tausi aliyechongwa, na chini ya tausi amelala mbwa. Jengo lilikuwa kasri la mtawala wa mji wa katikati ya karne ya 19, aliyezaliwa mwaka wa mbwa kwa hesabu yao ya wanyama 12. Alipokwisha kuondoka duniani, kasri likabomolewa ubao kwa ubao, likahamishiwa hapa kuwa nyumba ya ibada. Mbwa wake akaja nalo.

Ukitoka mlango wa pembeni, uko Wat Chedi Luang. Hapa Nan alituzuia tusitazame juu. Alitupitisha kwanza chini ya mti mkubwa mno, mnyoofu, ambao wenyeji wanaamini siku ukianguka mji utapatwa na balaa, na pembeni yake pana kijumba cha nguzo ya mji. Wanawake hatuingii humo pia, nikawa nimezoea. Kisha akatugeuza. “Sasa.”

Ni mlima wa matofali. Chedi ni mnara wa kuhifadhia masalia matakatifu, lakini huu Mfalme Saen Muang Ma aliuanza mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya majivu ya baba yake, na warithi wake wakauendeleza mpaka Mfalme Tilokarat akaumaliza, ukiwa na urefu wa mita 80 na ushei. Mwaka 1545 tetemeko la ardhi likaupiga, kilele kikaja chini. Kilichobaki ni kitako kipana kama kiwanja, ngazi zinazolindwa na majoka ya naga, na kisha, pale ambapo macho yanataka kuendelea kupanda, giza.

Nan akanyoosha mkono, akachora kwa kidole hewani, pole pole, sehemu iliyokatika. Mchana usingeiona. Usiku, taa za chini zinamulika mpaka palipovunjika na kuishia hapo, na jicho lenyewe linaumalizia mnara. Miaka ya 1990, UNESCO na serikali ya Japani walisaidia kuukarabati, lakini kilele hawakukirudisha, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa hakika kilifananaje. Nan alilisimulia hilo kwa fahari kuliko habari zote za wafalme.

Kwenye ubavu wa mashariki kuna kishubaka. Humo, kuanzia mwaka 1468, alikaa Budha wa Zumaridi, sanamu inayoheshimiwa kuliko zote Thailand, ijapokuwa si zumaridi bali jiwe jingine la kijani. Simulizi zasema ilipogunduliwa Chiang Rai, ndani ya ganda la lipu, mfalme wa hapa alituma tembo kuileta, na tembo kila akifika njia panda anakwenda Lampang. Mara tatu. Mfalme akasalimu amri, na mji ukaingoja miongo kadhaa. Ilipofika haikudumu hata karne: katikati ya karne ya 16 mfalme aliyeitwa Setthathirath alirudi kwao Laos akaondoka nayo, na mwaka 1779 jeshi la Siam likaitwaa huko Vientiane. Sasa iko Bangkok. Kishubakani wamemweka mwenzake wa jade, aliyechongwa kwa ajili ya miaka 600 ya mnara.

Kusini mwa mnara wamepangwa tembo, nusu miili yao imetokeza ukutani. Wote wana mikonga mizuri ya saruji ya juzi. Wa mwisho kulia hana mkonga wala masikio. Ni tofali na chokaa iliyomomonyoka, uso laini kama sabuni iliyotumika. “Huyo ndiye wa kweli,” alisema Nan.

Uani tulimkuta nen, mtawa mwanafunzi, miaka kumi na mitano hivi, shuka lake la chungwa amelifunga lubega, anafagia majani kwa chelewa ndefu. Watawa wa hapa huketi na wageni kujifunza Kiingereza, naye akanijaribia chake. Nikamwambia nimetoka Tanzania. Akafikiri.

“Dada, kwenu mna tembo?”

“Wengi.”

“Mnawafugaje?”

Nikamwambia hatuwafugi, wao ndio wanaotuingilia mashambani, wakala mahindi, na sisi tukapiga mabati usiku kucha. Alisimamisha fagio. Nadhani ndiyo habari ya ajabu kuliko zote alizosikia wiki ile.

Jumatatu, Wat Phra Singh

Mchana nilipanda Doi Suthep, mlima unaoutazama mji kutoka magharibi, na ngazi zake zaidi ya 300. Hekalu la juu lilianzishwa mwaka 1383, mahali ambapo, kwa masimulizi yao, tembo mweupe aliyebebeshwa masalia ya Budha alizunguka mara tatu, akalia, akafa. Dhahabu ni nyingi na watu ni wengi zaidi. Niliridhika na ukingo wa bustani, nikiutazama mraba wa mji chini yangu ukipotelea kwenye ukungu.

Jioni tukapitia Wat Chiang Man, kongwe kuliko yote mjini, pale Mangrai alipopiga kambi akisimamia ujenzi, na ambapo sanamu za tembo 15 zimebeba mnara mabegani. Tukapita sanamu ya wafalme watatu, Mangrai na marafiki zake wa Sukhothai na Phayao, waliokaa pamoja kupanga mji. Mangrai mwenyewe, yasema mapokeo, aliuawa na radi akiwa sokoni, katikati ya mji wake.

Wat Phra Singh ni la mwaka 1345. Tulifika watawa wakiingia kwa sala ya jioni. Tukavua viatu, tukakaa nyuma miguu tumeikunjia kando, kama tukaavyo kwenye hitima, maana kumwelekezea Budha nyayo ni utovu wa adabu mkubwa. Kisha sauti zikaanza, za chini, pamoja, bila kupumua mahali pamoja: Kipali, lugha ambayo hakuna anayeizungumza sokoni popote duniani. Wavulana wa mstari wa nyuma walikuwa wanafuata midomo ya wakubwa, wakiyapata mwisho wa maneno tu. Nilijiona mwenyewe chuoni, Tanga, nikiyumba na juzuu amma mbele yangu, nikiliwahi neno la mwisho kwa nguvu ili maalimu adhani na ya katikati ninayo. Ukutani nje ya ukumbi palikuwa na udi unaofuka na vishada vya asumini vilivyotungwa uzi. Harufu ile ya kikuba, kwenye baridi ile, karibu initoe machozi.

Ukumbi mdogo wa nyuma, Viharn Lai Kham, una michoro ya karne ya 19: wanawake wanasuka nywele, wanaume waliochorwa tatuu kuanzia kiunoni hadi magotini, mtu anavuta sigara kubwa huku anachungulia. Walitakiwa kuchora hadithi takatifu, wakachora majirani. Na mbele ya michoro ameketi Phra Singh mwenyewe, Budha ambaye wana wa mji humtembeza barabarani kila mwaka mpya wa Aprili na kumwagia maji.

“Kichwa kiliibwa mwaka 1922,” alisema Nan. “Hicho ni kingine.” Kisha akaongeza, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba Bangkok na Nakhon Si Thammarat nao kila mmoja ana Phra Singh wake anayemwita wa kweli.

Mzee mmoja aliyekuwa amesujudu mbele yetu aliinuka, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Jumanne, alfajiri

Nan alituaga usiku ule, lakini alinielekeza kona moja nje ya soko, nisimame hapo kabla jua halijatoka. Nilikuta bibi mmoja amepanga vifurushi juu ya kimeza: wali, mboga, maji, ua la yungiyungi. Nikanunua kimoja. Wali ni wali. Nilikwisha kujiuliza usiku na kujijibu.

Walikuja mmoja mmoja kwa mstari, pekupeku juu ya lami ya baridi, bakuli kifuani. Wa tatu alikuwa nen wangu wa ufagio. Nikatabasamu. Yeye macho aliyashusha, hakunijua wala hakutakiwa kunijua. Alifungua kifuniko, nikaweka kifurushi bila kumgusa, maana mwanamke hamgusi mtawa. Bibi akanivuta tuchuchumae. Wakasimama juu yetu, wakasoma dua yao ya Kipali, fupi, sauti za watoto zikiwa juu ya sauti za wakubwa. Ilipokwisha nilijikuta nimesema amina.

Wakati dua inasomwa, bibi alikuwa anamimina maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, uzi mwembamba usiokatika. Nan alikuwa amenieleza hilo: ni ya waliokufa, ili thawabu iwafikie. Watawa walipogeuka kona, alikibeba kile kikombe mpaka kwenye mti wa kando ya barabara, akamwaga kwenye shina, midomo yake ikitaja majina. Aliyataja mengi. Kisha akaninyooshea kikombe kilichobaki na tone chini, akainua nyusi kuniuliza.

Nikamtaja bibi yangu.